Hesabu Vitanda Vilivyo Chini ya Bwawa

Mtu akiulizwa kama lambo la kijijini kwao ni la hatari, hutazama maji. Yakiwa mengi atasema ndiyo. Yakiwa kidimbwi cha kunyweshea mbuzi atacheka. Jibu lake angelipata haraka zaidi kama angegeuza uso akatazama upande wa pili wa tuta, kule bondeni yatakakopita maji siku ukuta ukiachia. Bwawa kubwa lililo juu ya pori tupu laweza kupasuka usiku, na asubuhi hasara ikawa samaki na mahindi. Lambo dogo lililo juu ya nyumba sita laweza kuacha matanga.

Kwa wakazi wa Kombani na vitongoji vyake, jambo hili linazidi kusogea karibu. Kwa miaka mingi Kombani ilikuwa njia panda tu: hapa unaacha barabara ya Likoni na Lunga Lunga, unapanda Kwale mjini, na ukitaka unaendelea hadi Kinango. Sasa barabara ya Dongo Kundu inamfikisha mtu Mombasa bila kungoja feri, na ploti zinauzwa mpaka mabondeni. Lambo lililochimbwa zamani kwa ajili ya ng'ombe, wakati hakuna aliyelala chini yake, laweza kuamka leo likiwa juu ya kitongoji. Halijaongezeka hata futi moja, lakini hatari yake imepanda. Ndiyo maana nakushauri usikubali daraja la hatari ulilopewa zamani. Lipime upya mwenyewe, na upimie chini.

Kanuni zilipimaje?

Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007 ziliyagawa mabwawa ya Kenya katika madaraja matatu. Daraja A ni la hatari ndogo: kina cha maji hakifiki mita 5, ujazo hauzidi mita za ujazo 100,000, na eneo linaloleta maji ni chini ya kilomita za mraba 100. Daraja B ni la hatari ya wastani, kina kikiwa kati ya mita 5 na 15 na ujazo ukifika hadi mita za ujazo milioni moja. Lililozidi hapo ni daraja C, la hatari kubwa. Daraja lilipopanda, masharti nayo yalikaza: nani achore ramani, nani asimamie ujenzi, na mafuriko ya ukubwa gani lazima bwawa liyastahimili.

Mgawo huo ulikuwa na faida yake, kwa sababu hata afisa asiyelijua bonde aliweza kuutumia. Lakini angalia vigezo vyake: kina, ujazo, eneo la kukusanya maji. Vyote vitatu vinalihusu bwawa na ardhi iliyo juu yake. Hakuna hata kimoja kinachouliza nani anaishi chini. Afrika Kusini huchanganya ukubwa wa bwawa na madhara linayoweza kuleta. Marekani huliweka bwawa katika daraja la juu kabisa la hatari ikiwa kuvunjika kwake kunatarajiwa kuua hata mtu mmoja, liwe dogo namna gani.

Mfano wa kutisha uko hukohuko Marekani. Tuta la udongo la Kelly Barnes, karibu na mji wa Toccoa katika jimbo la Georgia, lilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Kwa vipimo hivyo vya 2007 lingeangukia daraja la wastani. Lilipasuka usiku wa manane, tarehe 6 Novemba 1977, likaua watu 39 kwenye chuo cha Biblia kilichokuwa bondeni.

Piga hesabu yako

Huhitaji mhandisi ili kupata makisio ya maji yaliyomo. Chukua urefu wa tuta pale maji yanapoligusa lambo likijaa, uzidishe kwa umbali wa maji kutoka kwenye tuta hadi yanapoishia nyuma, kisha uzidishe kwa kina cha mahali penye kina kirefu kabisa. Gawanya kwa 6. Tuta la mita 80, maji yanayorudi nyuma mita 200, kina cha mita 4: utapata karibu mita za ujazo 10,700. Hilo ni daraja A bila ubishi. Lakini ndani yake mna maji ya maboza zaidi ya elfu moja ya lita 10,000 kila moja, na tuta likivunjika yote hayo yatatoka kwa muda mfupi kupitia pengo moja.

Ukishapata hesabu hiyo, shuka. Anza kwenye ukuta, ufuate mkondo mpaka pale bonde linapopanuka kiasi cha maji kutandaa na kupoteza nguvu, au pale linapoingia kwenye mto mkubwa. Nenda na mtu aliyezaliwa hapo. Mzee wa mtaa anajua maji ya mvua ya mwaka hupita wapi, na yalifika wapi wakati wa El Niño ya 1997. Andika kila nyumba, kibanda, choo cha pamoja, madrasa, shule, kisima, kivuko cha miguu na kalvati. Usiipuuze nyumba kwa sababu iko juu kidogo ya mkondo. Maji ya magotini yakiwa na kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima, na maji ya bwawa lililovunjika hayaji matupu: huja na matope, magogo na mabati.

Kisha andika vitanda. Nasema vitanda kwa makusudi, kwa sababu mchana huwa unadanganya. Saa nne asubuhi bondeni utamkuta mama mmoja anapalilia mchicha na watoto wawili wakichota maji. Saa nane usiku, pale pale, wamelala watu thelathini. Bwawa la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40. Kelly Barnes nalo lilikuwa usiku. Huko Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka kabla ya mapambazuko. Mvua kubwa hainyeshi kwa ratiba ya ofisi, na giza huwanyima watu ile dakika moja ya kuona na kukimbia.

Ukimaliza, lipe lambo lako daraja la pili, la bondeni. Kama hakuna anayelala wala kukusanyika kwenye njia ya maji, na kitakachoharibika ni shamba la mwenye bwawa mwenyewe, hatari ni ndogo. Kama hakuna makao, lakini kuna barabara, bomba la maji la mtaa au mashamba ya watu wengine, hatari ni ya wastani. Kama kuna kitanda kimoja, darasa moja au msikiti mmoja, hatari ni kubwa, na ukubwa wa lambo haubadilishi neno.

Usisahau mabwawa yasiyoitwa mabwawa

Mkasa wa Mai Mahiu una somo lake. Mwanzoni ilivuma kwamba bwawa la Kijabe limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake ya chini kuzibwa na miti, mawe na matope, mpaka yakavunja. Hakuna aliyekuwa amejenga bwawa pale, wala hakuna aliyekuwa akilikagua.

Kila tuta la barabara lenye kalvati ndogo ni mwanzo wa bwawa la namna hiyo. Unapolikagua bonde lako, chungulia kalvati zote. Ukiiona imejaa chupa za plastiki, makuti na mchanga, iingize kwenye orodha pamoja na malambo, kisha mfuate anayehusika na barabara hiyo.

Kukagua tuta: mambo ya kutazama kwa karibu

Daraja la bondeni linakwambia madhara yatakuwa makubwa kiasi gani. Halikwambii kama tuta ni zima. Hayo ni maswali mawili tofauti na watu wengi huyachanganya: "Bwawa hili lina miaka ishirini, halijafanya neno." Sawa, huenda tuta ni imara. Lakini bwawa la hatari kubwa hubaki la hatari kubwa hata likiwa zima, na ndilo linalostahili kukaguliwa mara nyingi zaidi.

Matuta ya udongo huvunjika kwa njia kuu mbili: maji kuliruka tuta kwa juu, na maji kulitoboa kwa ndani.

Kwa njia ya kwanza, anzia kwenye spilwei, yaani ule mfereji wa pembeni unaopitisha maji yanayozidi. Mara nyingi utaikuta imezibwa na watu wenye nia njema. Wakati wa kiangazi wamepanga mawe au magunia ya mchanga ili lambo libebe maji zaidi; mwenye samaki ametanda wavu wasitoroke; wavu umenasa majani, majani yamenasa matope. Ondoa vyote kabla ya mvua. Tazama pia mwisho wa mfereji: kama maji yamechimba korongo linalorudi nyuma kuelekea tutani, au wachimba mchanga wamefika pale, hilo ni jambo la kushughulikiwa mwezi huu.

Kisha pima mgongo wa tuta. Mwite fundi wa ujenzi aje na ule mpira wake mwembamba wa kuchukulia usawa. Maji ndani ya mpira hayadanganyi: mtu mmoja akisimama mwisho mmoja wa tuta na mwingine akitembea kidogo kidogo, mtagundua pale palipobonyea, ambapo kwa macho hapaonekani. Kwa kawaida ni pale ng'ombe wanapovukia au bodaboda walipofanya njia ya mkato. Bonde la sentimita thelathini juu ya tuta ndilo litakalochagua mahali maji yatakapomwagikia, na yakishaanza kumwagika juu ya udongo mtupu, huchimba kwa kasi. Kwa mabwawa madogo, wahandisi wengi hulenga tuta lizidi usawa wa kawaida wa maji kwa karibu mita moja. Pajazwe kwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, ushindiliwe tabaka kwa tabaka, kisha paoteshwe ukoka.

Ukoka ndio rafiki wa tuta. Miti si rafiki. Mwarobaini ulioota tutani huonekana kama baraka ya kivuli, lakini mizizi yake hufuata unyevu ndani, na siku mti ukifa mizizi huoza na kuacha mifereji. Miche midogo ing'olewe leo. Mti mkubwa usiukate wala kuung'oa bila ushauri wa mhandisi, kwa sababu shimo litakalobaki linaweza kuwa baya kuliko mti wenyewe. Tafuta pia mashimo ya panya, kenge na nungu, na vichuguu vya mchwa. Vijia vya mchwa hupenya mbali, na maji hayahitaji zaidi ya kijia.

Hapo tunaingia njia ya pili ya kuvunjika. Shuka nyuma ya tuta, chini kabisa, utafute palipolowa, palipo laini chini ya mguu, au palipoota magugu ya kijani wakati kwingine kumekauka. Tuta la udongo kuvuja kidogo ni jambo la kawaida. La kuuliza ni kama maji yanatoka na udongo. Kinga maji hayo kwenye chupa safi ya plastiki, iache itulie usiku kucha. Yakibaki meupe, andika tarehe na uendelee kufuatilia. Kukiwa na tope chini ya chupa, tuta linaliwa kutoka ndani, tena linakwambia. Kadhalika weka mtungi wa lita 20 na uhesabu sekunde unazochukua kujaa. Mvujo uliojaza mtungi kwa dakika moja wiki iliyopita na sasa unaujaza kwa nusu dakika, ilhali kina cha lambo ni kile kile, haungojei mkutano wa kamati.

Haraka yake ni ya kweli. Bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, lililokuwa na urefu wa mita zaidi ya 90, lilionekana likitoa maji ya tope asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976. Kabla ya saa sita mchana lilikuwa limekwenda. Lambo la mita nne halitakupa hata muda huo.

Kuna kipimo kingine cha udongo wenyewe, kinachofaa hasa kama unapanga kuchimba lambo jipya. Chukua bonge dogo kavu la udongo unaotaka kutumia, ulitie taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua au maji ya betri yanayouzwa petroli stesheni. Usitumie maji ya kisima: huku kwetu pwani mengi yana chumvi, na chumvi huficha tabia ya udongo. Bonge likikaa au likimomonyoka huku maji yakibaki maangavu, hiyo ni dalili njema. Likizungukwa na wingu kama la maziwa lisilotulia, udongo huo huyeyuka ndani ya maji na ni mwepesi kutobolewa. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya maabara, lakini kinatosha kukuzuia kuita greda kabla ya kupata ushauri.

Mambo manne ya kutofanya

La kwanza, usizibe mvujo kwa udongo wa mfinyanzi upande wa nyuma. Sote tumefunzwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini tuta la bwawa lina sharti lake: maji yaliyozibiwa tundu yatatafuta jingine, nawe hutaliona. Palipo na mvujo wa tope, weka mchanga mnene wa mtoni, juu yake changarawe, juu yake kokoto au mawe ya kuukandamiza. Maji yatapita, udongo utabaki. Hilo ni la kununua muda tu wakati mhandisi yuko njiani.

La pili, usikate tuta ili kupunguza maji. Mfereji wa jembe moja hugeuka pengo la trekta huku umesimama. Punguza kwa pampu, au kwa bomba lililojazwa maji na kupitishwa juu ya tuta ili livute lenyewe.

La tatu, usipitishe bomba la pampu ndani ya tuta kwa kuchimba mtaro. Maji hupenda kufuata ngozi ya nje ya bomba. Lipitishe juu.

La nne, usiache mifugo wapande tuta. Zungushia miiba au waya, kisha ujenge hori la kunyweshea mbali na ukuta. Ni gharama, lakini kwato ndizo zinazolishusha tuta kidogo kidogo kila msimu.

Mpango wa usiku

Kama umeweka daraja la hatari kubwa, mnahitaji mpango unaoenea katika ukurasa mmoja. Nani anakwenda kutazama tuta mvua ikinyesha usiku kucha? Wawe wawili, wenye tochi na simu zenye chaji. Alama ipi ikiguswa na maji, watu wanaamshwa? Pigeni mti wenye rangi mbili kando ya maji: njano ni kukaa macho, nyekundu ni kutoka. Nani anampigia nani? Msitegemee simu peke yake, maana mtandao hupotea na mvua. Kipaza sauti cha msikiti kikiwa na betri kinafaa, ngoma inafaa, firimbi inafaa, ilimradi kila nyumba iwe imeshasikia mlio huo mchana na kujua maana yake.

Watu waende wapi? Juu, kwa kukata ubavu wa bonde, si kukimbia kufuata mkondo. Orodhesheni wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga, na kila mmoja awe na kijana aliyetajwa jina wa kumsaidia. Nambari za dharura 999 na 112, na ile ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, ziandikwe kwenye ukurasa huo huo. Lakini fahamuni kwamba katika dakika za kwanza mwokozi ni jirani.

Makaratasi na ploti

Mwenye bwawa, awe mtu binafsi, shule, kampuni au kikundi cha akina mama, ndiye mwenye wajibu. Sheria ya Maji ya 2016 imeipa Mamlaka ya Rasilimali za Maji kazi ya kutoa vibali, na ujenzi wa bwawa unahitaji pia kupitia NEMA, mamlaka ya mazingira. Baada ya Solai, ilibainika kwamba mabwawa ya pale hayakuwa na kibali. Kibali hakizuii maji, lakini humleta mtu mwenye ujuzi kulitazama tuta kabla ya mauti kumleta.

Kwa hiyo andikeni barua. Msiandike "tuna wasiwasi na bwawa." Andikeni urefu wa tuta, kina, ujazo mliokisia, daraja kwa kanuni na daraja la bondeni, idadi ya nyumba na vitanda, picha za mvujo zenye tarehe. Nakala moja kwa Mamlaka, moja kwa idara ya maji ya kaunti, moja kwa chifu, moja kwa mwenye bwawa. Barua yenye hesabu ni vigumu kuifungia kabatini.

Na wewe unayenunua ploti: hati ya shamba haitaji lambo la jirani. Utafutaji katika ofisi ya ardhi Kwale utakwambia mwenye shamba ni nani, hautakwambia nini kiko juu yake. Kabla ya kulipa, panda bonde kwa miguu. Ukikuta tuta, uliza limechimbwa lini, na nani, na spilwei yake inamwaga wapi. Ikiwa inamwaga kwenye ploti yako, bei ile nafuu umeshaielewa.

Kazi yote hii ifanyike kila mwaka kati ya Januari na Machi, vuli ikiwa imekwisha na mvua ya mwaka haijaanza. Miezi hiyo maji yako chini, tuta liko wazi, mvujo unaonekana, na fundi anapatikana. Rudini pia bondeni mkahesabu upya, kwa sababu nyumba za Kombani za mwaka jana si za mwaka huu. Ikiongezeka hata moja pale pasipokuwa na makao, lambo limepanda daraja, na mwenye bwawa aambiwe siku hiyo hiyo kwa maandishi.